Bi Tatu na Mkono Wangu wa Kulia

Wewe uliyeona baka kwenye ngozi yako, haliwashi, haliumi, ukilifinya halisikii, na ukashusha mkono wa gauni ili lisionekane, njoo ukae hapa karibu nami. Sina lugha ya madaktari. Nina mdomo tu, na mdomo wangu hauna breki, kawaulize watu wa Ndagoni. Nitakusimulia yaliyonipata mimi Rukia, mrushaji wa timu ya taifa ya kriketi ya wanawake, nilipougua ukoma. Ndiyo, ukoma. Nimeutaja mapema ili tusije tukazungukana huko mbele.

Na nitakusimulia habari za Bi Tatu, mke mwenzangu. Bila yeye leo ningekuwa na mkono uliokunjamana na malalamiko mengi, basi.

Tuanze na mpira. Watu wakisikia kriketi na Mafia kwa pamoja hucheka. Wacheke. Mimi nimekulia Kilindoni, nyuma ya maduka ya Wahindi, na jioni vijana wa madukani walikuwa wakicheza kwa mpira wa tenisi walioufunga utepe wa mafundi umeme ili uwe mzito. Siku moja walipungukiwa mtu, wakaniita. Sikuwa na nguvu za kurusha kwa kasi, kwa hiyo nikawa nauzungusha. Nikaja kujua baadaye kwamba hiyo ni kazi ya watu na ina heshima zake. Mrushaji wa kasi anakuja mbio kama anafukuzwa. Sisi wazungushaji tunakuja taratibu, tunauachia mpira huku unajizungusha, na ukidunda chini unakata kona. Mpigaji anausubiri hapa na gongo lake, kumbe wenyewe umeshapita kule, unamwangushia vijiti vitatu nyuma ya mgongo wake. Hakuna raha duniani kama kuona uso wa mtu aliyepigwa chenga na mpira wa polepole.

Aina yangu ya kuzungusha ilitegemea kidole cha pete. Vidole vingine vinashika tu, cha pete ndicho kinachousukuma mpira uzunguke. Kidole hicho ndicho kilichonitoa shule ya sekondari kikanipeleka timu ya taifa nikiwa na miaka kumi na tisa. Kimenifikisha Kigali, Gaborone, Windhoek. Nimesimama uwanjani nikiimba wimbo wa taifa na jezi ya mikono mirefu na mtandio wangu kichwani, na Mama yangu huko Kilindoni akawaita majirani waje waone kwenye simu.

Kisha nikaolewa na Mohamedi, mchuuzi wa nazi wa Ndagoni, nikiwa mke wa pili. Aliyekuwa ndani ni Bi Tatu. Mwanamke wa miraba minne, ana sauti ya kuita mtu kutoka shamba la tatu, na watoto wake wamekwisha kuwa wakubwa. Siku ya kwanza nilimwamkia kwa adabu zote nilizofundwa.

"Shikamoo, Bi Mkubwa."

"Marahaba. Ndiye wewe unayetupa mawe mbele za watu?"

"Ni mpira, Bi Mkubwa."

"Haya. Kisima ni kile pale. Ukichota, funika."

Ndiyo ilikuwa karibu yangu. Nyumba zetu zinatazamana, ua mmoja, kisima kimoja, jiko kila mtu na lake. Hatukugombana na wala hatukupendana. Nikisafiri na timu hakuniuliza nimefunga safari ya wapi, nikirudi hakuniuliza kama tumeshinda. Alikuwa akisema tu, "Umekonda," kisha anaendelea kukuna nazi.

Baka lilitoka juu kidogo ya kiwiko cha mkono wa kulia, jeupe kuliko ngozi yangu. Wakati ule nilikuwa likizo, asubuhi nashuka pwani na wanawake wenzangu kufunga mwani, na kila aliyeliona alisema vilevile: "Mwani huo, chumvi imekula ngozi." Wengi hapa wana mabaka ya mwani, hakuna anayeshtuka. Nilipaka mafuta ya nazi, nikashusha mkono wa gauni. Kama kuna jambo moja ulichukue kwangu, chukua hili: baka la mwani linawasha, linachonyota. Langu lilikuwa kimya. Ukimya ule ndio ulikuwa ugonjwa.

Miezi ikapita, kidole cha pete na cha mwisho vikaanza kufa ganzi. Nikishika mpira sijui kama mshono wake uko chini ya kidole au la. Tulikuwa Windhoek nilipoaibika. Mpira ulinichoropoka ukaenda juu, mpigaji akauchapa nje ya uwanja. Wa pili vivyo hivyo. Wa tatu ulikaribia kumgonga mwamuzi. Kocha alinitoa, na jioni akaniambia, "Rukia, tangu umeolewa akili yako imebaki nyumbani." Sikumjibu, na mimi kutojibu ni habari. Orodha iliyofuata jina langu halikuwemo. Nikarudi Ndagoni na begi langu la jezi.

Mama alipokuja kunitazama akaona vidole vimeanza kulegea, hakutafuta mbali. "Umelogwa," alisema. "Mke mwenza huyo. Amekuonea gere unavyopanda ndege." Majirani nao wakaitikia, maana hapa kwetu ukewenza na uchawi vinakaa kinywa kimoja. Wakanitajia mganga mmoja huko Bweni, ncha ya kaskazini ya kisiwa, kwamba anataja mbaya wako kwa jina na ukoo. Mama akapanga safari.

Maneno hayana mlango. Asubuhi ya kuondoka nilimkuta Bi Tatu uani, amevaa baibui, mkoba mkononi, viatu vya kwenda mjini.

"Unakwenda wapi, Bi Mkubwa?"

"Si tunakwenda Bweni? Mimi ndiye mchawi, nisipokuwepo huyo mganga atamtaja nani?"

Mama ikambidi abaki. Nafasi ya wa kunisindikiza kwenye pikipiki ilikuwa moja, na Bi Tatu alishaikalia. Tukapanda mshikaki, dereva mbele, mimi katikati, Bi Tatu nyuma amenibana kama gunia la nazi, barabara mashimo matupu.

Mganga alitukaribisha vizuri. Akachoma ubani, akanishika mkono, akafumba macho. Alipofumbua alimkuta Bi Tatu amekaa mbele yake, amekunja mikono, anamtazama bila kupepesa.

"Haya, taja," Bi Tatu akasema. "Anaitwa Tatu. Nimekurahisishia."

Yule bwana alimtazama yeye, akanitazama mimi, akamtazama tena yeye. "Ni jini," akasema upesi. "Jini wa baharini. Hana uhusiano na mtu yeyote." Lo! Nilicheka mpaka ubani ukanipalia. Tulipotoka nje Bi Tatu naye akaanza kucheka, mara ya kwanza namwona, anacheka kwa mabega.

Sasa tufike Kirongwe, kijiji cha njiani tukirudi, maana ndipo maisha yangu yalipogeuka. Dereva alisimama apate chai. Nikainama kukaza kamba ya kiatu kwa mkono wa kushoto, wa kulia nimejishikiza kwenye pikipiki. Bi Tatu akanusa hewa. "Kuna kitu kinaungua," akasema. Nami nikanusa. "Kweli, kama ngozi ya samaki," nikamjibu, bado nahangaika na kamba. Akageuka kutafuta moshi unatoka wapi, na moshi ulikuwa unatoka kwangu. Kiganja changu, upande wa kidole cha mwisho, kilikuwa kimelala juu ya bomba la moshi la pikipiki.

Nilikuwa naungua na sina habari.

Bi Tatu hakupiga kelele. Yeye ambaye hupiga kelele kuku akiingia jikoni, alinitoa mkono ule polepole, akaumwagia maji ya kunywa, akautazama, kisha akanitazama usoni. Niliona ameogopa, nami ndipo nikaogopa. "Dereva," akasema, "chai utakunywa Kilindoni. Tunakwenda hospitali."

Hospitalini kuna mabenchi ukutani, na juu ya kila benchi kuna kibao. Kibao cha mwisho kabisa kimeandikwa kifua kikuu na ukoma. Muuguzi wa mapokezi aliangalia baka, akaangalia vidole, akatuelekeza huko. Mimi nikaenda kukaa benchi la meno. Nani anataka kuonekana pale, Kilindoni, mji niliokulia, kila anayepita ananijua kwa mpira? Bi Tatu alikwenda akakaa peke yake chini ya kile kibao, akajitanua, akaniita kwa ile sauti yake ya shamba la tatu: "Rukia! Meno yako mazima! Njoo huku!" Hospitali nzima ikageuka. Basi nikaenda, kwani nilikuwa nimebakiza nini?

Muuguzi wa kliniki, kijana mpole, aliniambia nifumbe macho, akanigusa kwa pamba hapa na pale. "Sema nikikugusa." Nilikuwa nasema, nasema, halafu kimya. Nikafikiri amepumzika. Nikafumbua jicho moja, nikaona pamba iko kwenye kidole changu cha pete, anaipitisha taratibu kwenda na kurudi.

Aliponiambia jina la ugonjwa nililia, tena kwa sauti. Nililia vidole vyangu. Sikufikiria kufa, sikufikiria watu, nilifikiria kwamba sitarusha tena mpira kwa ajili ya nchi yangu, na mimi nje ya kile kipande cha nyasi sijui ni nani. Bi Tatu akaninyamazisha kwa kunipa ncha ya mtandio wake nifute makamasi, kisha akamuuliza muuguzi swali ambalo mimi nilishindwa kuuliza.

"Mkono utarudi?"

"Mmewahi kidogo, mmechelewa kidogo," akajibu. "Ugonjwa utakwisha, hilo nakuhakikishia, na dawa ni bure. Vidole tutaona."

Ile "tutaona" niliibeba mwaka mzima.

Pakiti ya kwanza niliimeza wakati wa kuokota korosho. Kila mwezi unakwenda, unameza vidonge vya siku ile mbele ya muuguzi, unapewa pakiti ya kumezea nyumbani. Mkojo unakuwa mwekundu, usishtuke, mimi nilishtuka nikapiga yowe chooni mpaka Bi Tatu akaja na mchi. Nyumba yetu yote ilikaguliwa ngozi, Mohamedi, Bi Tatu na wanawe, wote salama, wakapewa dawa ya kujikinga ya kumeza mara moja. Tukaambiwa wazi kwamba nikishaanza dawa simwambukizi mtu. Muuguzi alilisema mara mbili kwa Kiswahili chepesi. Lakini hofu ya ukoma haisikii Kiswahili.

Kufika pakiti ya tatu ngozi ilibadilika rangi. Zile dawa zinakufanya mweusi wa kufifia, tena unakuwa mkavu, unapauka kama hujawahi kuonja mafuta. Mimi nilikuwa mtu wa kujipenda, nakwambia ukweli. Nilikigeuza kioo kikatazama ukuta.

Na Mohamedi, mume wangu, akaanza visingizio. Zamu yangu ikifika, mara ana homa, mara nazi zinahesabiwa alfajiri. Jioni moja baada ya magharibi nikamwona anavuka ua kimyakimya kuelekea kwa Bi Tatu, na zamu ilikuwa yangu. Nilisimama mlangoni kwangu gizani, roho inaniuma. Akagonga. Bi Tatu akafungua nusu.

"Unataka nini, Mohamedi?"

"Nimekuja kulala."

"Leo zamu ya nani?"

"Tatu, bwana, unajua hali yenyewe..."

"Hali gani? Umekunywa dawa ya kinga, mkubwa mzima, umekaguliwa mpaka makalio. Nakuuliza zamu ya nani?"

"Ya Rukia."

"Basi umekosea mlango." Na akaufunga. Nikasikia komeo.

Mohamedi akageuza njia uani. Kisha akaja kwangu, akakaa kwenye mkeka, akaanza kulia kama mtoto. Aliniambia babu yake alikuwa na ugonjwa huu, kwamba walimjengea kibanda chake peke yake shambani na chakula kikawa kinapelekwa na kijana mmoja, anakiweka kwenye kisiki. Ndiyo hofu aliyokuwa nayo. Sikumsamehe siku ile, lakini nilimtandikia. Asubuhi akanikunia nazi, na tangu hapo zamu yangu ikawa zamu.

Mama naye aliniletea bakuli zuri la maua, na kikombe chake, na kijiko. "Zawadi," alisema, macho yake yako pembeni. Tulijua sote ile zawadi ni ya nini. Nilipokea kwa sababu ni Mama. Bi Tatu alilitazama lile bakuli, siku ya pili nikaliona kwake amewawekea bata maji ya kunywa humo. Hakuomba ruhusa.

Ramadhani ilinikuta na pakiti ya tano, nikawa nameza vidonge na daku. Kisha ikaja Idi, na Idi twaila Kirongwe kwa ndugu za Mohamedi. Nilitaka kubaki. Bi Tatu akasema, "Ukibaki umewajibu." Tukaenda. Pilau ikatoka kwenye sinia kubwa, wanawake wakakaa kulizunguka, nami nikakaa. Wewe unajua sinia. Mikono mitano, sita, kila mtu mbele yake. Niliponyoosha mkono wangu, ule mweusi, wenye kovu la bomba na vidole viwili vilivyolegea, mikono mingine yote ilisita. Mmoja akakumbuka maji ya kunawa. Mwingine akasema ameshiba, Idi yenyewe hata tonge hajala. Nikaanza kuurudisha mkono wangu.

"Rukia," Bi Tatu akasema, kinywa chake kimejaa. "Nifinyangie tonge."

"Bi Mkubwa, acha."

"Nimekwambia nifinyangie tonge. Mimi ni mkubwa wako, nataka kulishwa Idi yangu. Kwa mkono huohuo."

Nikafinyanga. Vidole viwili havikunisaidia, wali ukadondoka nusu. Nikamlisha. Akala mpaka punje iliyobaki kwenye kidole changu, akatafuna taratibu, akawatazama ndugu za mumewe mmojammoja. "Haina chumvi," akasema. "Sogeza kachumbari." Wifi yetu mkubwa ndiye aliyecheka kwanza, kisha akarudisha mkono wake siniani, kisha mwingine. Nilikula huku machozi yanaingia kwenye pilau, na nikwambie kweli, chumvi ilitosha.

Nilidhani hapo tumevuka. Kumbe masika yalikuwa bado na yake. Mvua imeanza, mkono ukavimba usiku kucha kuanzia kiwiko, maumivu kama waya wa moto, na vile vidole viwili vikajikunja ndani. Muuguzi alisema mishipa imewaka, akanipa dawa nyingine, na ile dawa ikanijaza uso ukawa kama andazi. Njaa yake sasa! Nilikuwa nakula mihogo ya watu watatu na bado nauliza kuna nini. Barabara tope, kila miadi tunafika kliniki tumelowa, tunakaa lile benchi la mwisho, na Bi Tatu ameshazoeana na wagonjwa wote, anajua nani ana mtoto darasa la saba na nani mume wake kasafiri.

Kila jioni alikuwa na kazi yake. Maji ya vuguvugu kwenye beseni, alipima yeye kwa kiwiko chake kwa sababu mimi ningeweza kujichemsha. Kisha mafuta ya nazi. Kisha ananishika kidole kimojakimoja ananyoosha juu ya paja lake, anahesabu, mimi namtukana, yeye ananitukana. Halafu anageuza mikono na nyayo akitafuta malengelenge nisiyoyasikia.

Siku moja nilimuuliza. "Bi Mkubwa, kwa nini unafanya yote haya? Mimi ni mke mwenzio."

Alifikiri. "Sisi tunagombea mume," akasema. "Hatugombei uhai." Kisha akavuta kidole changu nikapiga kelele.

Masika yalipokata, uvimbe ulishuka. Vidole vilinyooka, lakini si kabisa. Cha pete na cha mwisho vilibaki na kona, na ganzi yake haikuondoka. Muuguzi aliniambia kwa upole kwamba hapo pengine ndipo mwisho. Nilikwenda nyuma ya nyumba, nikachukua mpira, nikaushika kama nilivyoushika maisha yangu yote. Kidole cha pete hakikujua kama kimeshika mpira au hewa. Nikaurusha. Ukaenda moja kwa moja kama embe lililoanguka, hauna uhai.

Siku kadhaa nilikuwa naushika tu ule mpira, nikiwa nimekaa kizingitini, nauhamisha kutoka kidole hiki kwenda kile. Na kwa kuuhamisha ndipo nikaona. Kidole cha shahada na cha kati vilikuwa vyangu bado. Vinasikia mshono, vinasikia hata nywele. Na kuna kuzungusha kwingine, kwa vidole viwili hivyo vya mbele, mpira unakata kona upande wa pili. Wapo wanaoishi kwa huo. Mimi sikuwahi kuutaka, niliudharau, niliuona wa watu wasio na kipaji. Sasa ndio ulikuwa umebaki. Miaka kumi na mbili ya ujuzi niiweke kando, nianze upya kama mtoto.

Nilianza kati ya safu za minazi, kusi likivuma. Nilihitaji mtu wa kudaka. Bi Tatu akaja na ungo. "Rusha," akasema, amechuchumaa, khanga ameikaza kiunoni, ungo mbele. Mpira wa kwanza ulimpiga mguuni. Wa pili ukapotea kwenye vichaka. Alitukana ukoo wa aliyeutunga mchezo huu, lakini kesho yake alikuwepo, na kesho kutwa. Polepole akaanza kujua. Mimi kabla sijauachia, yeye ungo wake umeshahamia upande mpira utakakokata. Na hakuwa na huruma. "Huo umelala. Hata kuku angeupiga." "Huo umeutuma kwa nani?" Siku alipoukosa mmoja, ukapita pembeni ya ungo ukaugonga mnazi nyuma yake, alibaki amechuchumaa akiutafuta kwa macho. "Ee," akasema. "Huo umenidanganya." Nilikwenda nikamkumbatia tukaanguka sote.

Pakiti ya mwisho niliimeza korosho zimerudi tena kuokotwa. Muuguzi alinipa mkono, nikaushika kwa nguvu zangu zote akacheka akasema namwumiza.

Kambi ya majaribio ilitangazwa Dar. Nilimpigia kocha, akasema njoo tuone. Bi Tatu akasema hanitumi peke yangu, tukapanda boti mpaka Nyamisati, tukashika gari. Njiani ndiyo mara pekee nilimwona ana hofu ya watu. Aliniambia kwa sauti ya chini, "Wakikuuliza mkono, sema moto. Kovu unalo. Mimi nitaapa kwamba niliona unaungua, na si uongo. Dunia haijakomaa, mdogo wangu. Ule kwanza, ukweli utafuata."

Nikamwitikia. Nilikusudia hivyo kweli.

Uwanjani wasichana wengi walikuwa wapya, tena wakali. Kocha alinipanga nimrushie Anna, msichana mrefu wa Dodoma, mpigaji wao bora wa wakati huo. Bi Tatu alisimama nje ya wavu na mkoba wake. Mpira wa kwanza Anna aliupiga. Wa pili aliupiga vizuri zaidi. Wa tatu niliupunguza mwendo, nikauzungusha kwa vidole viwili vile kwa roho yangu yote, ukadunda, ukakata, ukapita kati ya gongo na mguu, vijiti vikaanguka.

Kocha akaja. "Rukia, wewe ulikuwa unatumia kidole cha pete. Umebadilisha mkono wote. Kulikoni?"

Wasichana wakasogea kusikiliza. Bi Tatu akakohoa nje ya wavu, kikohozi cha kusema moto, sema moto. Nikaangalia mkono wangu. Nikafikiri habari za babu yake Mohamedi na kile kisiki.

"Nilikuwa na ukoma," nikasema. "Nimemeza dawa mwaka mzima, nimemaliza, nimepona. Vidole hivi viwili havisikii. Hivi viwili vinasikia, na ndivyo nilivyorushia."

Msichana mmoja alikuwa ameshika chupa yangu ya maji, ameshakunywa nusu, akaitazama ile chupa. Mpira ulikuwa kule mwisho, kando ya vijiti vilivyoanguka, na hakuna aliyeinama kuuokota. Nilisimama nikiwa nimenyoosha mkono mtupu, nikajisemea, haya Rukia, umejimaliza kwa mdomo wako mwenyewe.

Anna akaliweka gongo chini. Akauokota mpira, akaufuta kwenye suruali yake, akatembea uwanja wote mpaka nilipo, akaniwekea kiganjani. Amekunja uso, ana hasira kabisa.

"Dada Rukia," akasema, "ule wa mwisho sikuuona. Nirushie tena."

Nikamrushia. Hakuuona tena.